Udongo wa Mjane

Shemeji alikuja na miche ya nyanya kulichukua shamba la marehemu kaka yake. Akamkuta mjane anajaza toroli la mwisho.

"Unafanya nini?"

"Nahama."

Shemeji akapiga jembe. Likagonga changarawe, likamtetemesha mikono. Ule udongo mweusi, laini kama unga, haukubaki hata wa kujaza kiganja.

"Udongo uko wapi?"

"Miaka yote nilimwaga samadi na majani makavu hapa, nanyi mkinicheka eti nalisha mawe. Shamba mlilolidai ndilo hilo, kama nilivyolikuta. Haya, mawe yenu hayo, yalisheni."

"Na miche yangu je?"

Mjane aliona nyungunyungu mmoja anajinyonganyonga juu ya changarawe. Akainama, akamwokota taratibu, akamtia kwenye toroli.