Shimo Chini ya Kibanda cha Kuku

Kindi walikuwa wamechimba tena chini ya kibanda cha kuku, na Kagure aliapa kwamba leo wangemtambua. Alipiga magoti kwenye matope, jiwe mkononi, tayari kuziba shimo lao.

Ndipo akasikia mlio mwembamba. Akaweka jiwe chini, akaingiza mkono polepole. Kitu kikamdonoa kwa nguvu.

"Uuui! Baba Lynn, kuja uone!"

Mumewe akaja mbio. "Ni nyoka?"

Kagure akainama, akachungulia shimoni. "Nyoka gani! Ni yule kuku wa mama yako, tuliyesema amebebwa na mwewe. Kumbe anaatamia humu!"

Kagure akatoa mkono, akicheka hadi machozi. Kiganjani alikaa kifaranga, bado amelowa maji ya yai, akitetemeka.

Mumewe akavua kofia yake mpya, akaikinga. "Lete. Wako wengine?"