Chai ya Ng'ambo ya Korongo

"Fungu hili halikuchumwa kwenu," alisema Vitore, mtafiti wa mimea, akiiweka mezani chai ya mlima, majani ya porini aliyoyanunua kwa Dila sokoni.

Preng, mwana wa Dila, alicheka. "Dada, mama huchuma mlimani hapo nyuma. Kwingine angeipata wapi?"

"Nimepima vinasaba mara mbili, nikidhani nimekosea. Korongo limeitenga mimea hii tangu enzi na enzi. Ya kwenu na ya ng'ambo haijawahi kuchanganya damu. Hii ni ya ng'ambo."

Ng'ambo ni kwa ukoo wa akina Marashi. Preng akaacha kucheka.

Baba yake mdogo alimuua Marashi mmoja kwa ugomvi wa maji, kisha homa ikamchukua kabla hawajamlipizia. Kwa mila, kisasi kikamwangukia Preng, naye wala hajawahi kushika bunduki. Tangu ujanani hajavuka kizingiti. Akiwa ndani haguswi, akitoka ni risasi. Jua analionea kwenye kidirisha kisichopitisha hata kichwa. Amechoka, jamani, mpaka ndoto zake ni za kutembea tu.

Wanawake hawaguswi na kisasi, kwa hiyo Dila ndiye anayechuma, anayeuza, anayerudi na habari za bondeni. Akisikika mwanamume mlangoni, humpandisha Preng darini na kuondoa ngazi. Wanawe wakubwa walikwenda Italia wakalowea huko. "Wewe angalau ninaye," humwambia Preng akimkatia mkate wa mahindi.

Leo Dila yuko mlimani. Preng alimfungulia Vitore kwa kuwa ni mwanamke. Mama anathubutuje kuiba kwa watu wale?

"Tafadhali, usimwambie mtu. Akina Marashi wakijua mama anawaibia, nimekwisha."

"Anawaibia?" Vitore alimkazia macho. "Mzee Kola Marashi mwenyewe ndiye aliyenionyesha anapochuma mama yako. Kanikatia na jibini."

"Kola? Huyo ndiye anayenisaka!"

"Wewe ndiye Preng?"

"Ndiye mimi."

"Basi mzee anakusalimu sana. Masika alikuja hapa kuwasamehe damu, kisasi kiishe, akanywa kahawa na mama yako. Alikuulizia, akaambiwa uko Italia." Vitore akatabasamu. "Umerudi lini?"