Mapigo ya Bi Mwanamkuu

Haya ni kweli tupu, na anayebisha aende Lushoto akaulize. Zama hizo wanandoa wenye ugonjwa wa moyo walifungwa mikanda kifuani, na moyo wenye nguvu zaidi ukausaidia ule wa mwenzake, hata wakiwa vyumba tofauti.

Mzee Shekilindi na mkewe, Bi Mwanamkuu, waliugua mwaka uleule, wakafungwa mikanda hiyo. Kila wenzake walipokuja barazani kunywa kahawa, mzee aliwatambia: "Mimi ndiye ninayembeba yule! Moyo wangu trekta."

Alhamisi moja muuguzi akaja kusoma mikanda, akasema mbele ya wote, "Babu, miaka sita wewe unapokea tu. Moyo wa mwanamke huuvumilia zaidi ugonjwa huu. Bila bibi tungeshakuzika."

Baraza zima likaangua kicheko. "Faini, Shekilindi! Shika mchi!" Ndiyo sheria yao: anayekamatwa na uongo huwatwangia wenzake kahawa.

Akatwanga kwa mbwembwe, huku akishangaa kwamba hachoki wala hahemi. Alipotupa jicho jikoni, akamwona Bi Mwanamkuu ameketi kwenye kigoda, mkono kifuani, jasho linamtiririka.

"Twanga tu, Baba Hoza," akasema mkewe taratibu. "Nikichoka nitakuambia."

Mzee akauweka mchi chini. "Ahsante, mke wangu," akasema mbele ya wenzake wote, bila kutia chumvi. Kisha akaketi, akatulia tuli, akiogopa hata kuvuta pumzi ndefu.