Makaa Nyuma ya Jiko

Kwa sheria ya nchi, kila marehemu hufanywa makaa na kuchanganywa na udongo wa shamba lake. Tusekile alimtandaza mumewe, Ambakisye, kwenye mahindi, akaongeza mbolea kidogo.

Masika yalipokwisha, bwana shamba alikuja na kipimo chake.

"Mvua haikusomba mbolea, mama. Makaa yameishika, na vijidudu vya udongo vimezaliana sana. Mzee anafanya kazi."

Tusekile alifurahi, akaenda nyuma ya jiko kuchuma majani ya maboga. Bwana shamba alimfuata, akachomeka kipimo na hapo. Akakichomoa, akakifuta, akachomeka tena.

"Hapa mlimweka nani?"

"Hakuna mtu. Hata mbolea sijawahi kutia."

"Kuna makaa ya mtu, mama, ya miaka kama ishirini. Lakini kwenye daftari la kijiji hayumo."

Tusekile aliolewa hapo miaka kumi na minane iliyopita. Ambakisye alimwambia kwamba kabla ya ndoa yao palikuwa pori tupu.

"Mama, mboga iko wapi?" binti yake aliita kutoka jikoni. "Maji yamechemka."

Tusekile aliyatazama majani mkononi, asijue ayapeleke au ayaweke chini.