Jeneza la Mtu Wasiyemjua

Gari la Waziri Mkuu Malachy lilikuwa limeshavuka mto, likimpeleka kwa Rais kuomba bunge livunjwe. Asubuhi mshirika wake, mama aliyeongoza chama kidogo, alikuwa amesusia baraza la mawaziri kwa sababu ya kodi ya mboji, udongo wa kinamasi unaokaushwa na kuchomwa kama kuni. Uwaziri mkuu wake ulikuwa umefika ukingoni.

Nje ya kanisa jeneza lilikuwa linatoka.

"Simama," akamwambia dereva. Kwao mwanasiasa hapiti msiba.

Akashuka, akatia bega chini ya jeneza. Upande wa pili, mkono uliomshika begani, kama ilivyo desturi ya wabebaji, ulikuwa wa mama yule. Kwa kuwa mama ni mfupi, jeneza liliinama, ikabidi Malachy atembee amekunja magoti kama bata.

"Ndugu yako, Mheshimiwa?"

"Simjui. Wako?"

"Nami simjui."

Mama akacheka chini kwa chini mpaka jeneza likatikisika.

"Wazee wasitozwe kodi ya mboji," Malachy akanong'ona. "Wengine walipe."

"Ungesema hivyo asubuhi, nisingebamiza mlango wa watu."

Safari ya kwa Rais iliishia hapo, na serikali ilidumu miaka mitatu zaidi. Katika uchaguzi uliofuata mama alishindwa kwa kura tisa, sasa anafuga nyuki. Malachy alistaafu, ana kondoo huko kwao Roscommon. Dereva anamwendesha waziri mkuu mwingine.