Kilo Tatu za Zambarau

Sihaba alikwishajaza kopo mara mbili na kulimwaga mara mbili. Karatasi ya maelekezo ya jamu ilitaka kilo tatu za zambarau zilizotolewa kokwa, na mshale wa mizani ya jikoni ulikuwa umekatika.

"Bi Mwanakheri, kopo moja ni kilo ngapi?"

"Mwanangu, kopo hubeba matunda na hewa yake. Kilo haina hewa," mpishi mkuu alijibu, akikoroga sukari. "Jamu isipoganda, kazi nampa yule aliyekaa barazani. Mwenzio kaja na mwiko wake kabisa."

Kazi hiyo ilikuwa na chumba cha kulala, na mama mkwe wa Sihaba alishasema hamtoi mjukuu kwa mama asiye na pa kumlaza.

Alikadiria kwa macho, akakadiria kwa viganja. Maishani mwake alikuwa amebeba kitu kimoja tu alichoambiwa uzito wake. Mkunga alikitoa kwenye mizani, akamlazia kifuani, akasema, "Kilo tatu barabara. Hongera, mama."

Alitandika kanga safi, akamimina zambarau, akafunga fundo, akazipakata. Nyepesi. Akaongeza konzi mbili, akazipakata tena, kiwiko kikikumbuka. Akaongeza moja.

"Sukari tayari. Lete."

"Zimetimia, bibi."

"Basi mimina."

Maji ya zambarau yalipenya kanga, yakamlowesha blauzi. Sihaba alisimama mbele ya sufuria inayotokota, mkono mmoja chini ya kifurushi, mwingine kwenye fundo, na vidole havikutaka kulifungua.