Kipande cha Halua

Siku ya Idi, Mzee Shaame alionja kipande cha halua kwa jirani. Bangili yake ya bima, iliyopima kila anachokula, ikalia, na nyumbani kabati la dawa likajifunga, sindano za sukari za mkewe zimo ndani. Bima ya wazee ilikuwa moja kwa kila nyumba: mmoja akila kitamu, wote hufungiwa dawa.

"Mimi nimekula nini?" Bi Mafunda, mkewe, aliligombeza kabati.

"Nyumba yenu imekula," likajibu kwa upole. "Dawa ni kesho."

Akalipiga teke mpaka kidole kikavimba.

Jioni alimpakulia mumewe muhogo. Mzee Shaame hakuugusa. Alimtazama mkewe kama mtoto wa kambo amtazamavyo mama wa nyumba, akauliza, "Nile?"

Ghadhabu ilimpanda Bi Mafunda. Tangu waoane, mwanamume huyu hajapata kuomba ruhusa ya kula nyumbani kwake. Alitaka kumwambia ale, lakini kwanza akaligeukia kabati.